Oswald Boelcke

Oswald Boelcke (19 Mei 1891 – 28 Oktoba 1916) alikuwa rubani wa ndege za kivita wa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alitungua ndege 40 za adui, lakini umuhimu wake katika historia hautokani hasa na hesabu hiyo, maana marubani kadhaa walimpita baadaye. Anakumbukwa kwa sababu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kwa ufupi na kwa mpangilio jinsi ndege zinavyopigana angani, na kwa sababu alifunza kikosi alimokulia Manfred von Richthofen. Kanuni zake nane zilisomwa na vizazi vya marubani. Leo zinasomwa pia na watu wasiowahi kurusha ndege, yaani wachezaji wa michezo ya mezani inayoigiza mapambano ya angani kwa kutumia ndege ndogo za mfano.

Maisha ya awali

Boelcke alizaliwa Giebichenstein, karibu na mji wa Halle kwenye mto Saale. Wazazi wake walikuwa wamerudi kutoka Argentina miezi michache tu kabla ya kuzaliwa kwake; huko baba yake, Max, alikuwa mkuu wa shule ya Kijerumani mjini Buenos Aires. Mwaka 1895 familia ilihamia Dessau, ambako baba aliendelea na kazi ya ualimu. Oswald alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Jina la familia liliandikwa Bölcke. Ni Oswald na kaka yake Wilhelm waliochagua kuliandika Boelcke.

Akiwa mtoto mdogo alipatwa na kifaduro, na baada ya hapo pumu haikumwacha maisha yake yote. Hata hivyo alipenda sana michezo: kuogelea, tenisi, kuteleza kwenye barafu na kupanda milima. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alimwandikia barua Kaisari Wilhelm II akiomba nafasi katika shule ya kijeshi, bila kuwaambia wazazi wake. Ombi lilikubaliwa, wazazi ndio waliokataa. Basi alibaki shuleni Dessau hadi alipomaliza masomo mwaka 1911, kisha akajiunga na kikosi cha mawasiliano ya simu huko Koblenz.

Mwaka 1912 alisoma katika chuo cha maofisa huko Metz, na hapo ndipo alipozoea kwenda kutazama ndege kwenye uwanja wa jirani. Katikati ya mwaka 1914 alihamishiwa shule ya urubani ya Halberstadt. Alifaulu mtihani wake wa mwisho tarehe 15 Agosti 1914, vita ikiwa imeshaanza wiki mbili kabla.

Miezi ya kwanza ya vita

Ndege za mwaka 1914 zilikuwa macho ya jeshi tu. Kazi yake ilikuwa kupeleleza na kuelekeza mizinga, na aliyeziongoza angani mara nyingi hakuwa rubani bali mpelelezi aliyekaa naye. Boelcke alipangwa katika kikosi kimoja na kaka yake Wilhelm, ambaye alikuwa mpelelezi, na ndugu hao wawili waliruka pamoja karibu kila mara juu ya misitu ya Argonne. Walifanya safari nyingi kuliko wenzao, wakapata sifa nyingi kuliko wenzao, na chuki ikafuata. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1915 walitenganishwa, na Oswald akapelekwa Douai, kaskazini mwa Ufaransa.

Huko Douai alimkuta Max Immelmann, ambaye jina lake liliambatana na lake kwa mwaka mzima uliofuata. Tarehe 4 Julai 1915, akiwa na mpelelezi wake katika ndege ya viti viwili, Boelcke alipata ushindi wake wa kwanza dhidi ya ndege ya Kifaransa aina ya Morane-Saulnier karibu na Valenciennes. Wakati huohuo kikosi kilikuwa kimeanza kupokea ndege mpya za Anthony Fokker, zenye bawa moja na kiti kimoja. Ndege hizo zenyewe hazikuwa za ajabu. Lililokuwa la ajabu ni mtambo uliofungamanisha bunduki ya rashasha na injini, ili risasi zipite katikati ya mapanga ya rafadha bila kuyapiga. Kwa mara ya kwanza rubani wa Kijerumani aliweza kulenga kwa kuielekeza ndege yenyewe. Silaha na chombo vikawa kitu kimoja, na kazi ya mpiganaji wa angani ikazaliwa.

Tarehe 28 Agosti 1915 Boelcke aliona mvulana wa Kifaransa akitumbukia mferejini mbele ya nyumba aliyokaa. Aliruka majini na nguo zake akamwokoa. Wazazi wa kijana walikuja kumshukuru, na watu wa mji walitamani apewe nishani ya Ufaransa, jambo lisilowezekana kwa ofisa wa jeshi lililokuwa likiikalia nchi yao. Alipewa nishani ya Prussia ya waokoaji wa maisha.

Tarehe 12 Januari 1916, kila mmoja akiwa na ushindi wa nane, Boelcke na Immelmann walitunukiwa Pour le Mérite, nishani ya juu kabisa ya ujasiri ya Prussia. Walikuwa marubani wa kwanza wa ndege za kivita kuipata. Magazeti ya Ujerumani yalikuwa yamechoka kuandika juu ya mahandaki ambako maelfu walikufa bila jina, na sasa yalipata mashujaa wenye sura na idadi ya ushindi inayoweza kuhesabiwa kama magoli. Picha zao ziliuzwa kwenye kadi za posta.

Verdun

Vita ya Verdun ilipoanza Februari 1916, Boelcke hakuridhika na desturi ya kulinda anga kwa kuzungukazunguka siku nzima. Aliomba ruhusa ya kuhamia Sivry, uwanja mdogo kando ya mto Meuse, kilomita 11 tu kutoka mstari wa mbele. Kisha akafanya jambo lililotokana na mafunzo yake ya Koblenz: aliuunganisha uwanja huo kwa simu na kituo cha watazamaji kilichokuwa mbele. Ndege ya adui ikionekana, simu inalia, na marubani wanaruka wakijua waende wapi. Utaratibu wa kuongoza ndege za kivita kutoka ardhini, ambao uliamua mapambano makubwa katika vita iliyofuata, ulikuwa na moja ya mbegu zake pale.

Mwezi Mei 1916 alipandishwa cheo kuwa kapteni, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 25, umri mdogo mno kwa cheo hicho katika jeshi la Prussia. Lakini tarehe 18 Juni Immelmann alianguka na kufa, na Kaisari akaamuru Boelcke aondolewe angani kwa muda ili Ujerumani isipoteze mashujaa wake wote wawili kwa mpigo. Kabla amri hiyo haijatekelezwa kikamilifu Boelcke alitungua ndege yake ya 19. Kisha hakuwa na budi kutii.

Kanuni nane

Muda huo wa kukaa bila kuruka ndio uliozaa kazi yake yenye maana kubwa zaidi. Alizungumza na Hermann von der Lieth-Thomsen, aliyesimamia usafiri wa anga wa jeshi, kuhusu haja ya kuwa na vikosi maalumu vya ndege za kivita, badala ya kuzigawa mojamoja katika vikosi vya upelelezi. Na katika mazungumzo hayo aliandika kanuni ambazo baadaye ziliitwa kwa Kilatini Dicta Boelcke.

Ukizisoma leo huenda ukaona ni mambo ya kawaida. Ukawaida huo ni sifa yake, kwani kabla yake kila rubani alijifunza kwa kujaribu, na wengi walikufa katika jaribio la kwanza. Boelcke alisema kwamba pambano huamuliwa kabla halijaanza: mshambuliaji atafute kwanza kimo cha juu na aliweke jua nyuma yake. Shambulio likishaanza lisiachwe njiani, kwa kuwa anayegeuka kukimbia humpa adui mgongo. Risasi zipigwe kutoka karibu tu, na wakati adui yuko kweli kwenye shabaha. Macho yasimwache adui hata akijifanya anaanguka, kwa sababu wengi waliojifanya wanaanguka walirudi nyumbani salama. Shambulio lolote lifanywe kutoka nyuma. Lakini adui akikushukia kutoka juu, usijaribu kumkwepa. Mgeukie na umwendee. Ukiwa juu ya ardhi ya adui, usisahau njia yako ya kurudi. Hili lilikuwa na uzito zaidi kwa marubani Waingereza na Wafaransa kwa kuwa upepo wa eneo lile huvuma mara nyingi kutoka magharibi.

Kanuni ya nane ilikuwa mpya kuliko zote. Iliwahusu marubani wakiwa kundi: washambulie wanne au sita pamoja, na pambano likivunjika na kuwa la mmoja kwa mmoja, waangalie wasimwandame adui mmoja wengi kwa pamoja.

Jagdstaffel 2

Wakati wa marufuku alitumwa kutembelea washirika wa Ujerumani. Alipita Vienna, Budapest na Belgrade, akafika Uturuki na Bulgaria, kisha akarudi kupitia upande wa mashariki, kwenye mapambano dhidi ya Warusi. Huko Kovel, katika kikosi cha kaka yake Wilhelm, aliteua marubani wawili wa kwenda naye. Mmoja alikuwa Manfred von Richthofen, aliyekuwa askari wa farasi na ambaye aliwahi kukutana na Boelcke ndani ya treni mwaka 1915. Kwa masimulizi ya Richthofen mwenyewe, siku ile alimwuliza bingwa huyo siri ya kushinda, akajibiwa kwamba hakuna siri yoyote zaidi ya kusogea karibu, kulenga vizuri na kupiga.

Mwingine alikuwa Erwin Böhme, na huyu anastahili maelezo kidogo. Alikuwa na miaka 37, umri wa baba mdogo miongoni mwa vijana wa miaka 20. Kabla ya vita alikuwa mhandisi katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambako alisimamia ujenzi wa njia ya kamba za chuma ya kuteremshia mbao kutoka misitu ya milima ya Usambara, sehemu za Shume katika Tanzania ya leo, mahali palipoitwa na Wajerumani Neu-Hornow. Mtu aliyezoea kuning'iniza mizigo juu ya mabonde hakuogopa kimo. Böhme akawa rafiki wa karibu wa Boelcke kikosini.

Kikosi kiliitwa Jagdstaffel 2, kwa kifupi Jasta 2, na kilianza kazi mwishoni mwa Agosti 1916 huko Bertincourt, nyuma ya uwanja wa vita wa Somme. Hali ya Wajerumani angani ilikuwa mbaya. Waingereza na Wafaransa walikuwa na ndege nyingi na bora, na Fokker za bawa moja zilikuwa zimepitwa na wakati. Jasta 2 yenyewe ilikuwa na marubani lakini karibu haina ndege.

Boelcke aliugeuza upungufu huo kuwa shule. Asubuhi aliruka peke yake na kuwinda. Mchana aliwafundisha wengine yale aliyoyaona. Walijifunza kufungua na kufunga bunduki zao, kuondoa risasi iliyokwama, kutambua kila aina ya ndege ya adui kwa umbo lake, na kujua kila aina ilikuwa kipofu upande gani. Tarehe 2 Septemba alimtungua rubani Mwingereza akiendesha ndege ya aina ya DH.2. Mfungwa huyo alialikwa kunywa kahawa na maofisa wa kikosi na kutembezwa uwanjani kabla ya kupelekwa kambini. Ukarimu wa namna hiyo ulikuwa tabia ya Boelcke. Mapema mwaka huohuo alikuwa amemtembelea hospitalini Mwingereza aliyemjeruhi na kumpelekea vitu vya kusoma. Haukumzuia kuruka kesho yake kwenda kuua wengine, na hakuna dalili kwamba aliona mgongano kati ya mambo hayo mawili.

Ndege mpya za Albatros, zenye injini yenye nguvu na bunduki mbili za mbele, zilifika katikati ya Septemba. Siku iliyofuata, tarehe 17 Septemba, Boelcke alikiongoza kikosi kizima angani. Kundi la ndege za Waingereza lilishambuliwa kama ilivyofundishwa, kutoka juu na kutoka upande wa jua, na Richthofen akapata ushindi wake wa kwanza. Wiki zilizofuata mizani ya anga ya Somme iligeuka. Boelcke mwenyewe, ambaye alianza Septemba akiwa na ushindi 19, alifikia 40 tarehe 26 Oktoba. Hapakuwa na rubani mwingine yeyote duniani aliyekuwa na ushindi mwingi hivyo wakati ule.

Lakini alikuwa amechoka. Pumu ilimsumbua, aliruka mara tano au sita kwa siku, na kila jioni alikuwa na ripoti za kuandika.

Kifo

Tarehe 28 Oktoba 1916 ilikuwa siku ya mawingu na upepo. Kwa mujibu wa barua aliyoiandika Böhme baadaye, alasiri hiyo yeye na Boelcke walikuwa wamekaa kwenye kibanda cha uwanjani na ndiyo kwanza wameanza mchezo wa sataranji, simu ilipolia baada ya saa kumi. Askari wa miguu walikuwa wakishambulia na walihitaji msaada. Kete ziliachwa ubaoni.

Ndege sita ziliruka. Juu ya mstari wa mbele zilikuta DH.2 mbili za kikosi cha 24 cha Uingereza, zikiendeshwa na Arthur Gerald Knight na Alfred McKay. Sita dhidi ya mbili lilionekana kuwa pambano jepesi. Hata hivyo DH.2, ambayo rafadha yake ilikuwa nyuma ya rubani, ilikuwa ya polepole lakini iligeuka ndani ya duara dogo, na Waingereza hao waliendelea kuzunguka wakikataa kunaswa.

Boelcke na Böhme walimfuata Knight pamoja, bawa kwa bawa. Ghafla ndege nyingine ilikatiza mbele yao: ilikuwa DH.2 ya pili, Richthofen akiwa nyuma yake. Boelcke na Böhme waligeuka ili wasigongwe, na kwa nukta chache kila mmoja alifichwa na bawa la ndege yake asimwone mwenzake. Magurudumu ya Böhme yaligusa bawa la juu la Boelcke. Mguso wenyewe ulikuwa mdogo. Ila bawa la wakati ule lilikuwa kitambaa kilichowambwa juu ya mbao, na kitambaa kikishachanika upepo humaliza kazi. Ndege ya Boelcke ilianza kushuka, kwanza taratibu kana kwamba bado inaongozwa, ikaingia mawinguni, na huko bawa likang'oka. Ilianguka karibu na kituo cha mizinga cha Wajerumani. Haikusambaratika kabisa, na yumkini mtu angeweza kupona. Lakini Boelcke hakuwa amevaa kofia ya kukinga kichwa, na mkanda wake haukuwa umefungwa sawasawa. Alikufa akiwa na miaka 25, bila kupigwa hata risasi moja.

Kanuni ya nane ilikuwa imeonya juu ya jambo hilohilo. Aliyeiandika alikuwa mmoja wa wawili waliomwandama adui mmoja.

Böhme alifanikiwa kutua, ingawa ndege yake ilipinduka. Masimulizi ya wenzake yanasema alitaka kujiua kwa bastola yake na kwamba walimzuia. Barua zake za miezi iliyofuata zimejaa swali la kwa nini yeye, asiye na faida kubwa kwa taifa, alibaki. Wazazi wa Boelcke walimwandikia kwa upole na kumkaribisha nyumbani kwao. Alirudi angani, akafikisha ushindi 24, akauongoza mwenyewe kikosi cha rafiki yake, na kuuawa tarehe 29 Novemba 1917. Knight naye hakukaa sana: Richthofen alimtungua tarehe 20 Desemba 1916.

Mazishi na kumbukumbu

Ibada ya kumwombea ilifanyika tarehe 31 Oktoba katika kanisa kuu la Cambrai, ambalo ni la Kikatoliki ingawa familia yake ilikuwa ya Kiprotestanti. Richthofen alibeba mto uliowekwa nishani zake. Ndege ya Kiingereza ilivuka mstari na kudondosha shada la maua kwa kumbukumbu ya adui waliyemwita jasiri na mwungwana, na wafungwa wa Kiingereza walituma lao. Alizikwa Dessau mwanzoni mwa Novemba.

Mwezi Desemba 1916 Kaisari aliamuru kikosi chake kiitwe Jasta Boelcke. Hadi mwisho wa vita kilihesabiwa kuwa kimepata ushindi zaidi ya 300. Richthofen, aliyepata ushindi 80 kabla ya kuuawa Aprili 1918, alizipeleka kanuni za mwalimu wake katika vikosi alivyoviongoza.

Jina la Boelcke lilitumiwa pia na utawala wa Wanazi, ambao ulilipa kikosi cha ndege za mabomu, kikosi kilichorusha mabomu katika nchi kadhaa. Yeye mwenyewe alikufa kabla chama hicho hakijakuwepo. Jeshi la anga la Ujerumani ya leo limelibakiza jina hilo kwa kikosi chake cha Nörvenich, na kanuni zake, zikiwa zimerekebishwa kwa ajili ya rada na makombora, bado hutajwa katika mafunzo ya marubani wa nchi nyingi.

Boelcke katika michezo ya mezani

Jeshi la Prussia lilikuwa na desturi ndefu ya kucheza vita mezani. Tangu mwaka 1824 maofisa wake walitumia Kriegsspiel, mchezo wa ramani, vipande na dadu, kujifunza uongozi wa vita. Upande wa burudani, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha mwaka 1913 kitabu cha kanuni za kupiganisha wanajeshi wa bati sakafuni. Yote hiyo ilikuwa michezo ya nchi kavu. Anga ilileta tatizo jipya: ndege haisimami, haiwezi kungoja zamu yake, na ina kimo.

Mmarekani Mike Carr alijaribu kutatua hilo kwa mchezo wake Fight in the Skies, aliouanza mwaka 1966, na ambao baadaye ulijulikana kama Dawn Patrol. Ulichezwa katika mkutano wa kwanza wa wachezaji uitwao Gen Con, huko Lake Geneva, Wisconsin, mwaka 1968. Mvuto wake mmoja ni kwamba mchezaji humtunza rubani wake wa karatasi kutoka mchezo hadi mchezo, akiandika safari zake na ushindi wake. Anayemfuga rubani hivyo kwa miaka hujifunza haraka kanuni ya Boelcke kuhusu njia ya kurudi. Mwaka 1972 kampuni ya Avalon Hill ilitoa Richthofen's War, mchezo wa ubao wenye vipande vya karatasi ngumu.

Mchezo ulioenea zaidi katika karne hii ni Wings of War wa Waitalia Andrea Angiolino na Pier Giorgio Paglia, uliotoka mwaka 2004. Mwanzoni ndege zilikuwa karata. Kuanzia 2007 zikaja ndege ndogo zilizopakwa rangi, kila moja ikiwa sehemu moja ya 144 ya ukubwa halisi, zikisimama juu ya vijiti. Tangu 2012 unatolewa kwa jina la Wings of Glory. Hauna ubao wala, katika kanuni zake za msingi, dadu. Kila aina ya ndege ina karata zake za mwendo, kulingana na jinsi ndege halisi ilivyogeuka. Kila mchezaji huchagua kwa siri karata tatu mfululizo, kisha wote hufunua kwa pamoja, moja baada ya nyingine, na kusogeza ndege zao. Hakuna zamu. Mchezaji wa bao huona mikono ya mpinzani wake na kuhesabu kete. Hapa unahesabu nia ya mtu ambaye naye anahesabu yako.

Anayezijua kanuni nane atazikuta zimefichwa ndani ya mchezo huo. Umbali hupimwa kwa rula fupi: aliyepigwa kutoka mbali huchota karata moja ya madhara, aliyepigwa kutoka karibu huchota mbili. Bunduki huweza kukwama, na kwa zamu kadhaa mwenye bunduki hubaki akikwepa tu. Katika kanuni za hiari, anayemkalia mwenzake mgongoni hupata haki ya kuiona karata yake inayofuata kabla ya kuchagua yake mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya kushambulia kutoka nyuma, ikiwa imegeuzwa kuwa karata. Vijiti huongezwa chini ya ndege inayopanda, na aliye juu ndiye huamua lini pambano lianze. Kitu kimoja kigumu kuigizwa ni jua, na wachezaji wengi huliacha.

Kuna hofu iliyoachwa nje pia. Marubani wa mwaka 1916 hawakuwa na miavuli ya kujiokolea, na ndege iliyowaka iliwaka pamoja na mtu wake; mezani ndege iliyotunguliwa hurudishwa kwenye sanduku lake. Baadhi ya wachezaji hulijibu hilo kwa kusoma maisha ya waliopigana kweli, na ni kwa njia hiyo jina la Boelcke limefika kwa watu wengi wasiopendezwa na historia ya kijeshi kwa njia nyingine.

Pambano la 28 Oktoba ni rahisi kupanga: Albatros sita, DH.2 mbili, meza moja. Wachezaji wapya wa upande wa Albatros kwa kawaida hukimbilia wote shabaha moja. Karata zinapofunuliwa, ndege zao wenyewe ndizo zinazokuta zimekaliana, na zile mbili ndogo zinapita chini yake na kugeuka.